Watu watatu, mashine moja ya kuhariri video: nitunzeje mipangilio yangu bila kuwavuruga wenzangu?

Mashoto

Wakuu habari za kazi. Nina shida ambayo naona hata aibu kuileta hapa maana inaonekana ndogo, ila imenilia karibu nusu saa kila siku kwa mwezi mzima.

Ofisini tuko wahariri watatu na mashine yenye nguvu ni moja. Tunapokezana: asubuhi mimi, mchana mwenzangu mmoja, usiku mwingine. Tunahariri kwa Premiere Pro, programu ya Adobe ya kuhariri video, kwenye Windows, na Windows yenyewe ina akaunti moja ya wote. Nenosiri limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya skrini. Msinicheke.

Sasa mimi ni mashoto. Mausi naiweka upande wa kushoto na vitufe vyake navigeuza, mkono wa kulia ndio unaokaa kwenye kibodi. Nyie wa mkono wa kulia hili hamjawahi kuliwaza, lakini shotikati za Premiere (vitufe vya njia ya mkato) zilipangwa kwa ajili yenu. Q na W za kukata mpaka penye ule mstari wa bluu unaoonyesha umefika wapi kwenye video, C ya wembe, V ya mshale, Ctrl+Z, zote zimerundikana kushoto mwa kibodi, chini ya mkono ambao kwangu umeshika mausi. J, K na L namshukuru aliyeziweka pale zilipo, I na O pia. Zilizobaki nilizihamisha miaka mingi iliyopita: kazi ya Q ikaenda U, ya W ikaenda P, wembe ukaenda H. Vidole vyangu vinajua hivyo. Ukiniuliza ghafla kitufe cha wembe ni kipi siwezi kukujibu, lazima nione mkono umeenda wapi.

Kila asubuhi nikifika nakuta mausi imerudishwa kulia, kibodi imerudishwa ya kawaida, na madirisha yote ya programu yamehamishwa. Mwenzangu wa usiku anapenda timelaini, yaani ule mstari wa kupangia vipande vya video, ikae juu na picha chini, jambo ambalo sijawahi kulielewa na nimeacha kuuliza. Napanga upya, nafanya kazi, nikiondoka natakiwa nirudishe kama nilivyokuta.

Wiki mbili zilizopita niliondoka kwa haraka sikurudisha. Mwenzangu wa mchana akafungua mahojiano niliyokuwa nimeyamaliza, akitaka tu kushusha muziki mahali fulani. Kwa kawaida P ni kalamu, unaichukua kuweka nukta kwenye mstari wa sauti. Akabonyeza P. Kwangu mimi P ni "futa kuanzia hapa mpaka mkato unaofuata, kisha vuta vya mbele vizibe pengo". Zikaondoka sekunde kama 40 za mzee wa watu. Yeye aliona timelaini imeruka kidogo, akadhani amegusa zumu, akaendelea na muziki wake. Video ikatoka hivyo. Mzee anasema, "Na jambo kubwa kuliko yote nililojifunza ni", halafu muziki, halafu majina ya waandaaji.

Hatukujua mpaka mzee mwenyewe alipopiga simu kuuliza alichojifunza kimeenda wapi.

Tuliokolewa na folda ya Auto-Save iliyo kando ya projekti, ambamo programu inajihifadhia nakala yenyewe, tukachukua nakala ya mchana ule kabla ya kalamu. Lakini mwenzangu kwa hasira (namwelewa) akarudisha shotikati za kiwandani, na mimi kwa uzembe wangu sikuwahi kuzihifadhi zangu kwa jina. Zikaenda na maji. Nimezijenga upya kwa kumbukumbu ya vidole.

Kwa hiyo swali. Naweza kubeba mipangilio yangu kwenye fleshi, nikaiweka nikifika na kuiondoa nikiondoka, bila kugusa ya wenzangu? Inakaa wapi hasa? Najua wengi mtasema tufungue akaunti tatu za Windows. Bosi hataki kusikia, kwa sababu kuna mhariri aliwahi kuondoka kazini akiwa na akaunti yake na nenosiri lake kichwani, na projekti nzima ilikuwa kwenye desktop yake. Kama kuna hoja ya kumlainisha nitaipokea.

Natanguliza shukrani.

---

FundiTimelaini

Pole sana mkuu, hiyo ya mzee nimeisoma mara mbili.

Kosa lako umeshalitaja: hukuzipa jina. Fungua Ctrl+Alt+K, litatokea dirisha lenye picha ya kibodi. Panga vitufe vyako, kisha bonyeza "Save As" na uandike jina, tuseme Mashoto. Hapo Premiere inaandika faili yenye mwisho wa .kys. Kuanzia siku hiyo jina lako liko kwenye orodha ya juu ya dirisha lile, na la mwenzako likiwepo, na lile la kiwandani likiwepo, kila mtu akikaa anachagua lake. Hakuna anayefuta ya mwingine. Tatizo lenu lilikuwa kwamba mlikuwa mnagombania kiti kimoja kisicho na jina.

Faili yenyewe iko kwenye Documents, ndani ya Adobe, ndani ya Premiere Pro, ndani ya folda yenye namba ya toleo, ndani ya folda inayoanza na Profile-, ndani ya Win. Ndiyo, ni safari. Kwenye Mac mwisho wa safari unakuta folda ya Mac badala ya Win. Inakili kwenye fleshi leo hii, usingoje kesho. Ukikaa kwenye mashine nyingine unaibandika kwenye Win ya mashine hiyo, unafunga Premiere na kuifungua tena, unachagua jina. Ni maandishi matupu, ukiifungua kwa Notepad utaona ni XML, haichukui nafasi yoyote.

Mpangilio wa madirisha unakaa jirani hapo hapo, kwenye folda ya Layouts. Huo nao uhifadhi kwa jina lako kupitia menyu ya Window, kwenye Workspaces. Na ukiwa hapo angalia kama kuna alama ya tiki kwenye "Import Workspace from Projects". Nina hakika ipo. Hiyo ndiyo inayofanya ukifungua projekti ya mwenzako wa usiku timelaini yake inapanda juu: mpangilio wa madirisha unasafiri ndani ya projekti. Toa tiki, projekti ije na klipu zake tu.

Sasa tahadhari moja kubwa. Humo ndani ya Profile utakuta pia faili inaitwa Effect Presets and Custom Items.prfpset. Hiyo ndiyo yenye efekti zako ulizozihifadhi. Usiinakili kutoka fleshi na kuibandika juu ya ile iliyopo! Kwa akaunti moja ya Windows hiyo ni faili moja ya watu wote, ukibandika yako umefuta zao. Efekti zako zichague kwenye paneli ya Effects, bonyeza kitufe cha pili cha mausi (kwako sijui ni kipi), zitoe kama faili ya pembeni, na ukifika unaziingiza kwa njia ile ile. Zinaongezeka juu ya zilizopo, hazifuti kitu.

Na usiniambie utabeba folda nzima ya Profile. Watu wanafanya hivyo, halafu wanabeba pamoja na mapendeleo (Preferences) yanayoelekeza kwenye diski ambazo mashine ya pili haina.

---

KibodiNiKibodi

Nitasema tofauti na wenzangu. Nimehariri kwa kuhamahama miaka mingi, leo mashine hii kesho ile, na nilichoamua ni kutumia shotikati za kiwandani tu. Popote ninapokaa, ndani ya dakika moja nafanya kazi. Mashine ya ofisi si yako. Ukizoea vya kwako, siku ukikalia ya mwenzio unakuwa kama umefungwa mikono.

---

Mashoto

@KibodiNiKibodi nakuheshimu kaka, ila naomba leo uweke mausi kushoto, mkono wa kulia upeleke kwenye Q na W, uhariri hivyo hata saa moja tu. Halafu tuendelee na mjadala.

---

KibodiNiKibodi

Nimejaribu dakika kumi. Naondoa hoja.

(Bado nasema kwa mtu wa mkono wa kulia anayeanza, ajifunze za kiwandani kwanza.)

---

MzeeWaAvid

Wanangu, hili jambo sisi wa Avid Media Composer, programu nyingine ya kuhariri, tulishalizoea toka zamani, maana Avid ilijengwa kwa vyumba vinavyotumiwa na watu wengi kwa zamu. Kule mipangilio imegawanywa makundi matatu: ya mtumiaji, ya projekti, na ya mahali, yaani ya ile mashine yenyewe. Unapofungua programu, kabla hujagusa picha, unachagua projekti na unachagua wewe ni nani. Kibodi, madirisha, rangi, vyote vinafuata jina lako. Kipimo cha picha na idadi ya fremu vinafuata projekti. Mtu hawezi kuvuruga kibodi ya mwenzake kwa bahati mbaya, labda achague jina lake. Ukihama chumba unatoa folda ya mtumiaji wako, kwenye Windows iko ndani ya nyaraka za Public, kwenye Avid Users, unaitia mfukoni.

Hata huko kuna mtego wake. Watu walikuwa wanabeba mtumiaji yule yule toka toleo hadi toleo, miaka kumi, halafu programu inaanza kufanya vituko: kitufe kinagoma, dirisha linafunguka nje ya skrini. Dawa ilikuwa kutengeneza mtumiaji mpya mtupu, kisha kufungua mipangilio ya zamani pembeni na kuvuta kimoja kimoja unachokihitaji. Kibodi kwanza. Mara nyingi unagundua kibodi ndiyo pekee uliyokuwa unaihitaji. Na wewe wa Premiere fanya hivyo hivyo toleo likibadilika.

Nimeeleza yote hayo ili uone kitu kimoja: Premiere haikuulizi wewe ni nani. Inamuuliza Windows. Ndiyo maana hata folda ile ya Profile- inamalizika kwa jina la akaunti ya Windows. Kwa macho ya Premiere ninyi watatu ni mtu mmoja mwenye tabia za ajabu, asubuhi mashoto, usiku anaweka timelaini juu. Njia ya fleshi aliyokupa FundiTimelaini ni sahihi na itakusaidia kuanzia kesho, lakini ile mausi yako iliyogeuzwa hutaibeba kwenye fleshi. Vitufe vya mausi, mwendo wa mshale, lugha ya kibodi, hivyo vyote ni mali ya akaunti ya Windows.

Kuhusu bosi. Hofu yake ni ya kweli lakini anailaumu akaunti kwa kosa la desktop. Mwambie hivi: yeye ndiye awe na akaunti ya msimamizi, ninyi watatu muwe watumiaji wa kawaida. Msimamizi anaweza kubadilisha nenosiri la akaunti yoyote ya mashine ile (si ile ya mtandaoni ya Microsoft) na anaweza kufungua folda zake hata mwenyewe akiwa amehamia nchi nyingine. Halafu sheria iwe moja, picha zote na projekti zote ziko diski ya pili, D au itakavyoitwa, kwenye folda ambayo wote watatu mna ruhusa ya kusoma na kuandika. Desktop isiwe na kitu. Nilikuwa mkali sana kwa hili enzi zangu. Nilikuwa napita saa ya kubadilishana zamu naangalia desktop tu, siangalii kazi.

Ila mkifungua akaunti tatu jiandaeni na mambo ambayo hakuna atakayewaambia. Premiere inatengeneza faili za muda za sauti na picha ili icheze haraka, na usipoielekeza kwingine inaziweka ndani ya folda ya mtumiaji kwenye diski C. Watu watatu wanaofungua projekti ile ile, kila mmoja anatengeneza zake. Diski C itajaa na hamtajua ni nini kimeijaza, kwa sababu folda ile ya AppData imefichwa. Kila mtu akiingia mara ya kwanza aende kwenye mapendeleo, sehemu ya Media Cache, azielekeze diski nyingine, na aweke zijifute zenyewe baada ya siku kadhaa.

La pili, mtu akimaliza zamu atoke kabisa kwenye akaunti yake. Asifunge skrini tu na kumwachia mwenzake aingie juu yake. Windows inaruhusu, lakini Premiere ya yule wa kwanza inabaki imefunguliwa kule nyuma ikikalia RAM, na wewe unabaki kulaumu mashine.

Fonti nazo. Kwenye Windows 10 tangu toleo la 1809, ukiifungua fonti na kubonyeza kusakinisha kwa kawaida, inaingia kwako peke yako. Mwenzako haioni.

---

Rangi_na_Kivuli

Naongezea kidogo kwa watakaosoma baadaye wakiwa na DaVinci Resolve, nayo ni programu ya kuhariri. Kule kibodi inapangwa kwa Ctrl+Alt+K vilevile, unaihifadhi kwa jina, na unaweza kuitoa kama faili ukabeba. Kuna hata kibodi zilizopangwa tayari kwa waliotoka Premiere, Avid na Final Cut Pro. Ila ukifungua akaunti mpya ya Windows utapata mshtuko: projekti zote hazipo! Hazijapotea, maktaba ya projekti ya mwanzo imewekwa ndani ya folda ya yule mtumiaji wa kwanza. Tengenezeni maktaba kwenye diski ya pamoja, kila mmoja aiunganishe kwake. Na msiifungue watu wawili kwa wakati mmoja kama ni ile ya kwenye diski tu. Kwa kushirikiana kweli kuna ile inayotumia PostgreSQL, programu ya hifadhidata.

Final Cut Pro, ya kuhariri kwenye Mac: seti za amri (shotikati zake) ziko Library ya mtumiaji, Application Support, Final Cut Pro, Command Sets. Unanakili, unabandika. Ndiyo rahisi kuliko zote.

---

FundiTimelaini

@MzeeWaAvid hiyo ya fonti umenigusa, ilinikuta nikabaki kuamini projekti imeharibika.

---

Mashoto

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Niliahidi moyoni kwamba sitakuwa kama wale wanaouliza, wanasaidiwa, wanapotea.

Wiki ya kwanza nilienda na fleshi peke yake. Nilihifadhi kibodi kwa jina, nikatoa ile tiki ya projekti, nikawashawishi na wenzangu wahifadhi zao. Kwenye orodha sasa kuna Mashoto, kuna ya mwenzangu wa mchana, na wa usiku ameiita yake "USIGUSE". Asubuhi iliyofuata nilikaa, nikachagua jina, nikachagua madirisha yangu, nikageuza mausi, nikaanza. Dakika mbili. Nilikaa kidogo bila kufanya kitu kwa sababu nilikuwa nimezoea kwamba saa ile bado napanga.

Lakini kosa la binadamu likabaki. Siku ya nne mwenzangu wa mchana alisahau kuchagua la kwake. Safari hii aliona: alibonyeza C achukue wembe, wembe haukuja, akasimama akaangalia. Alinipigia simu akauliza kwa upole sana, "Dada, hii kibodi ni yako au ni yangu?" Nikajua jina kwenye orodha halitoshi kama kuna mtu lazima akumbuke kulichagua.

(Ndiyo, ni dada. Mkuu nayo siikatai.)

Nikaenda kwa bosi na maneno ya MzeeWaAvid karibu yalivyo. Nilichomwambia kwanza ni kwamba yeye ndiye atakuwa msimamizi. Hapo hapo akawa mwepesi. Alitaka nimwonyeshe, si nimweleze. Kwa hiyo nikafungua akaunti ya majaribio, nikaweka faili kwenye desktop yake, nikatoka, yeye akaingia na akaunti yake ya msimamizi, akaibadilisha nenosiri ile ya majaribio, akaingia nayo, akaikuta faili. Akafanya tena mara ya pili peke yake. Akasema sawa.

Sasa tuna akaunti tatu. Kuhamia kulinichukua karibu nusu siku, sehemu kubwa ikiwa ni kujua cha kuhama nacho. Nilijaribiwa kunakili folda nzima ya Profile kama FundiTimelaini alivyokataza, na kwa kweli niliinakili, na haikufanya chochote, kwa sababu akaunti mpya ina jina jipya na Premiere ilijitengenezea Profile- nyingine yenye jina hilo ikaipuuza ile yangu. Ikabidi niingie ndani nichukue .kys niweke Win, niingize efekti kupitia paneli, basi. Madirisha nikayapanga upya kwa mkono, nikaona ni rahisi kuliko kutafuta. Mipangilio ya Media Encoder, programu ya Adobe ya kutolea video iliyokamilika, niliisahau kabisa, ile iko kwingine: Documents, Adobe, Adobe Media Encoder, namba ya toleo, Presets. Ni faili za .epr. Nimezikumbuka siku ya kutoa kazi, saa moja kabla ya muda.

Fonti zilitupata kama mlivyosema, na zilitupata vibaya zaidi kwa kuwa tulikuwa tumeonywa. Mimi nilisakinisha fonti ya majina ya wahojiwa kwenye akaunti yangu, nikatengeneza mstari wa chini wa kila mhojiwa, nikaenda nyumbani. Mwenzangu wa usiku alipofungua, Premiere ikamwambia fonti haipo ikampa nyingine, pana zaidi, na jina la mhojiwa wa tatu ambalo ni refu likatoka nje ya ukingo wa skrini. Aliliona kabla ya kutoa, mshukuruni. Sasa fonti zinasakinishwa kwa kitufe cha pili cha mausi na "Install for all users", na hilo linahitaji nenosiri la msimamizi, kwa hiyo linahitaji bosi, kwa hiyo tumekuwa wachaguzi sana wa fonti. Nadhani kazi zetu zimependeza kidogo.

Diski C haijajaa. Niliwasimamia wenzangu wawili waelekeze faili za muda kwenye diski ya pili, nikaweka zijifute baada ya siku 30. Kwa projekti ndefu nitaangalia kama hiyo ni fupi mno. Ikizifuta programu inabidi izitengeneze upya na unasubiri.

Kilichobaki ni kile ambacho hakuna akaunti itakayokitatua. Mausi yenyewe, kile chuma, kila asubuhi naikuta upande wa kulia, na waya wake umepitishwa nyuma ya spika kwa namna ambayo haufiki kushoto mpaka nisogeze meza. Nimeomba ya pili, ya kwangu. Hazigombani: mashine inasoma zote mbili kwa pamoja, ila vitufe vinavyogeuzwa vinageuka kwenye zote, kwa hiyo nikiwa nimeingia mimi hata ile ya kulia inakuwa ya mashoto. Mwenzangu wa mchana alikuja kunionyesha kitu kwenye skrini yangu, akaishika, akabonyeza, ikafunguka menyu asiyoitaka. Akaiachia taratibu kama kitu cha moto akanyoosha kidole.

Leo nimebandua ile karatasi ya nenosiri chini ya skrini. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, ya nenosiri la kabla ya hilo.